Waziri Akikosea, Nani wa Kumwuliza?

Ndugu wasomaji wetu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba, Masoko, Mwakaleli na Lwangwa, safari hii tunaeleza habari za mawaziri.

Tunajua wengine watasema: "Waziri yuko Dodoma, sisi tuko kwenye migomba. Yanatuhusu nini hayo?" Yanatuhusu sana. Majani mabichi ya chai yana bei. Mbolea ina ruzuku au haina. Zahanati ina dawa au haina. Mambo yote hayo yana wizara zake, na kila wizara ina waziri wake. Waziri akitia sahihi karatasi moja Dodoma, mkulima wa Katumba anaweza kupata au kukosa.

Basi waziri akikosea inakuwaje? Ukiwauliza watu sokoni utapata majibu matatu. Wa kwanza atasema, "Afukuzwe!" Wa pili atasema, "Afungwe!" Wa tatu atatikisa kichwa na kusema, "Aa, mkubwa haguswi bwana."

Majibu hayo yanachanganya mambo. Kufukuzwa ni jambo moja. Kufungwa ni jambo jingine. Na si kweli kwamba mkubwa haguswi, maana wako waliowahi kuguswa, na majina yao tutayataja. Ila tukiyachanganya mambo haya, hutokea hasara mbili. Mwenye kosa kubwa huacha kazi tu, watu wakapiga makofi, mambo yakaishia hapo. Na asiye na kosa huitwa mwizi kwa sababu tu aliacha kazi. Ndiyo maana tunataka tuyatenganishe, moja moja, polepole.

KIONGOZI KUULIZWA SI JAMBO GENI RUNGWE

Kwanza tukumbuke ya kwetu. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na malafyale, yaani mtawala. Malafyale hakutawala peke yake. Alikuwa na amafumu, wakuu wa vijiji, ambao hawakuwa wa ukoo wake. Hao ndio waliomwambia ukweli anapopotoka. Tena wazee waliamini kwamba watu wakimkasirikia mtu kwa haki, pumzi yao humletea baridi mwilini na kumwuguza. Kwa hiyo hata malafyale aliogopa manung'uniko ya watu wake.

Na kama hakusikia, watu walikuwa na dawa nyingine. Walihama. Walichukua ng'ombe wao wakaenda kukaa chini ya mtawala mwingine. Mtawala bila watu ni mtawala wa nani?

Utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwaka 1963. Leo hatuwezi kumhama waziri, kwani waziri ni wa nchi nzima. Basi ilibidi ziwepo njia nyingine za kumwuliza.

WAZIRI NI NANI?

Kwa Katiba ya Tanzania, waziri huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Lazima awe mbunge. Kabla ya kushika kazi hula kiapo. Mawaziri wakiongozwa na Waziri Mkuu huwajibika kwa pamoja mbele ya Bunge kwa kazi za serikali.

Waziri si mtu aliyeshuka kutoka mbinguni. Ni mtu wa kwetu. Ndugu Jeremiah Kasambala, aliyejulikana hapa Rungwe kwa kazi ya ushirika wa wakulima kabla ya uhuru, alikuwa waziri katika miaka ya kwanza ya uhuru. Na wengine wa wilaya hii wamefuata baadaye. Watu hao walitoka vijijini kama vyetu, wakapewa dhamana.

Neno "dhamana" tulielewe vizuri. Jirani akisafiri akakuachia ng'ombe wake umtunzie, huyo ng'ombe ni dhamana. Maziwa unaweza kukubaliana naye. Lakini ng'ombe si wako. Huwezi kumwuza, huwezi kumchinja, wala huwezi kumwozea mkeo. Siku mwenyewe akirudi atamwulizia. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU ilikuwamo ile ya kwamba cheo ni dhamana. Maana yake ni hiyo hiyo.

MIIKO YA MWAKA 1967 NA SHERIA YA 1995

Februari 1967 lilitoka Azimio la Arusha. Ndani yake mliwekwa miiko ya uongozi. Mwiko, kama tunavyojua, ni jambo la kukatazwa. Kiongozi alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Alikatazwa kuwa na hisa katika makampuni. Alikatazwa kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Alikatazwa kupokea mishahara miwili au zaidi. Alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Na ili watu wasikwepe kwa kuandikisha mali kwa jina la mke au la mume, miiko ilimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake.

Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU. Huo uligusa tabia. Ulikataza kiongozi kuwa jeuri, mfujaji, mwenye dharau na mwonevu. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuunda chombo cha kusimamia miiko.

Miiko hiyo haikubaki vile vile. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuilegeza. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kujipatia kipato kingine. Wako waliosema afadhali, kwa sababu mshahara haukutosha. Wako waliosema mlango wa zizi umefunguliwa. Mjadala huo haujaisha mpaka leo.

Baada ya hapo ndipo ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995. Hii ndiyo tutakayoieleza mbele. Tofauti yake na miiko ya zamani ni hii: miiko ilisema, "Usiwe na mali ya namna hii." Sheria ya 1995 inasema, "Mali waweza kuwa nayo, lakini uitaje, tena usitumie cheo kuipata."

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Tunasema waziri ana milango minne ya kupitishwa akikosea. Kila mlango una bawabu wake na kipimo chake.

MLANGO WA KWANZA: KUWAJIBIKA

Kuwajibika ni kukubali kubeba mzigo wa jambo baya lililotokea chini yako, hata kama mkono wako haukulitenda.

Mfano ulio maarufu ni wa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilisumbuliwa na mauaji ya watu, hasa wazee, kwa sababu ya imani za uchawi. Mwaka 1976 vyombo vya usalama vilifanya msako. Watuhumiwa wengi walikamatwa. Katika kuhojiwa wakateswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa serikali.

Mzee Mwinyi wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu. Hakuwepo huko. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake. Januari 1977 akajiuzulu. Baadhi ya maofisa waliohusika na mateso walifikishwa mahakamani wakatiwa hatiani.

Hebu tuangalie vizuri hapo. Waliotesa walikwenda mahakamani. Waziri aliacha kazi. Ni jambo moja lililotokea, lakini mizigo miwili tofauti. Mzee Mwinyi hakuitwa mhalifu. Baadaye alikuwa balozi nchini Misri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na tangu mwaka 1985 hadi 1995 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alifariki Februari 2024, na watu wengi walipomkumbuka walikitaja kitendo kile cha 1977 kuwa cha heshima.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea mwaka 2013. Serikali ilifanya Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili wa tembo. Wananchi wakalalamika kwamba wanateswa, wanaporwa mali, na wengine wameuawa. Kamati ya Bunge ilichunguza na kuleta taarifa tarehe 20 Desemba 2013. Siku hiyo hiyo mawaziri wanne walitoka kazini: wa Maliasili na Utalii, wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi, na wa Mifugo. Wa Maliasili alitamka mwenyewe bungeni kwamba anajiuzulu. Uteuzi wa wengine watatu ulitenguliwa na Rais.

Hapo kuna maneno mawili ya kutenganisha. Kujiuzulu ni kuacha kazi mwenyewe. Kutenguliwa uteuzi ni kuachishwa na aliyekuteua. Rais anaweza kumtengua waziri hata kwa tabia tu. Mei 2016 Rais John Magufuli alimwachisha kazi Waziri wa Mambo ya Ndani, Charles Kitwanga. Taarifa ya Ikulu ilieleza kwamba waziri aliingia bungeni na kujibu swali la wizara yake akiwa amelewa. Hakuibiwa mtu shilingi, lakini dhamana ilivunjiwa heshima.

Kipimo cha mlango huu si ushahidi wa mahakamani. Kipimo ni kama wananchi wanaweza kuendelea kumwamini mtu yule katika kazi ile.

MLANGO WA PILI: BUNGE

Bawabu wa mlango wa pili ni wabunge. Mbunge anaweza kumwuliza waziri swali, naye lazima ajibu. Bunge linapitisha bajeti ya wizara. Bunge linapokea ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yule anayekagua fedha zetu zilivyotumika. Tena Bunge linaweza kuunda kamati teule, yaani kamati ya wabunge wachache waliochaguliwa kuchunguza jambo moja.

Kamati teule iliyovuma kuliko zote iliongozwa na mtu wa jirani yetu, Dakta Harrison Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wa Kyela. Wazee wanakumbuka kwamba Kyela zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa na ukame, mabwawa yalipungua maji, umeme ukawa wa mgao. Shirika la umeme la serikali likaingia mkataba na kampuni iitwayo Richmond ilete mitambo ya umeme wa dharura. Umeme ulichelewa. Watu wakaanza kuuliza, kampuni hii ni ya nani, na ilipataje kazi? Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule. Februari 2008 kamati ilisoma taarifa yake. Ilisema kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na kwamba taratibu za kuipa kazi hazikufuatwa.

Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alitangaza bungeni kujiuzulu. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, nao wakajiuzulu. Kwa Katiba, Waziri Mkuu akitoka, mawaziri wote wanatoka. Rais Jakaya Kikwete akaunda baraza jipya, na Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu.

Hapa pia tuwe waadilifu. Lowassa alilalamika bungeni kwamba kamati haikumhoji yeye mwenyewe kabla ya kumtaja. Na hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama kwa jambo la Richmond. Mwaka 2015 aligombea urais kupitia Chadema akapata karibu asilimia 40 ya kura. Alifariki Februari 2024. Basi anayesema "Lowassa alijiuzulu, kwa hiyo aliiba" anakosea, na anayesema "Hakufungwa, kwa hiyo Bunge lilimwonea" naye anakosea. Bunge si mahakama. Bunge linaangalia kama kazi ya serikali imekwenda sawasawa.

Bunge lina silaha moja kubwa zaidi. Linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Ili hoja hiyo ianze, inahitaji sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote. Aprili 2012, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha matumizi mabaya ya fedha katika wizara kadhaa, baadhi ya wabunge walianza kukusanya sahihi. Kura yenyewe haikupigwa. Lakini Mei 2012 Rais alibadili baraza lake, na mawaziri sita wakaachwa nje. Wakati mwingine fimbo haina haja ya kupiga, inatosha kuonekana.

MLANGO WA TATU: MAADILI

Bawabu wa mlango wa tatu ni Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Imetajwa katika Katiba, na kazi yake imeelezwa katika ile sheria ya 1995.

Sheria inamtaka waziri ataje mali zake na madeni yake kwa maandishi. Anataja anapoingia kazini, ndani ya siku 30. Anataja kila mwisho wa mwaka. Anataja anapotoka. Anataja yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wake wadogo ambao hawajaoa au kuolewa. Kwa nini? Ili ijulikane aliingia na nini na anatoka na nini. Mtu akiingia na nyumba moja akatoka na kumi, mshahara wake tunaujua, basi aeleze.

Sheria pia inamtaka atamke maslahi yake. Maslahi ni faida. Kama serikali inataka kutoa mkataba, na waziri ana hisa katika kampuni inayoutaka, lazima aseme wazi. Haifai awe muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja.

Tuna mfano wa karibu wa kutufanya tufikiri. Ni mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, ulio kusini kwetu, upande wa Ileje na Kyela. Mgodi ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China, ukawa mali ya umma. Mwaka 2005 serikali iliuza asilimia 70 ya hisa zake kwa kampuni iitwayo Tan Power Resources. Baadaye ikajadiliwa bungeni na magazetini kwamba miongoni mwa wenye hisa za kampuni hiyo zilikuwamo kampuni zilizohusishwa na Rais wa wakati ule, Benjamin Mkapa, na Daniel Yona, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Wafanyakazi wa mgodi nao walifikia kudai mishahara yao kwa kelele. Mwishowe serikali iliurudisha mgodi katika mikono ya umma, chini ya shirika la STAMICO.

Hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani kwa jambo la Kiwira, nasi hatuhukumu. Lakini swali la maadili linabaki, na mtu yeyote wa kijijini analielewa: kama wizara ndiyo msimamizi wa migodi, je, inafaa aliye juu ya wizara awe pia na faida katika mgodi unaouzwa? Kwa swali kama hilo ndiyo sheria inataka mambo yatamkwe mapema, kabla ya kuuza, si baada ya watu kugundua.

Malalamiko yakithibitika kuwa na uzito, hupelekwa kwenye Baraza la Maadili. Hilo lina wajumbe watatu, na mwenyekiti wake ni jaji au jaji mstaafu. Baraza linasikiliza pande zote mbili. Adhabu huanzia onyo, hushuka cheo, hufika kusimamishwa, kushauriwa kujiuzulu, hata kufukuzwa. Kama kuna harufu ya jinai, jambo linapelekwa kwenye vyombo vingine. Na Katiba inasema Baraza likithibitisha kwamba waziri amevunja sheria ya maadili, nafasi yake ya uwaziri inakuwa wazi.

MLANGO WA NNE: MAHAKAMA

Mlango wa mwisho ni mahakama. Hapa ndipo tunapozungumza habari ya jinai, yaani kosa ambalo sheria imeliwekea adhabu kama kifungo au faini.

Katiba inamkinga Rais asishtakiwe kwa jinai wakati yuko madarakani. Kinga hiyo ya kazini haikutolewa kwa waziri. Waziri akila rushwa, au akitumia vibaya madaraka yake, anaweza kushtakiwa kama wewe na mimi.

Na imetokea. Basil Mramba alikuwa Waziri wa Fedha. Daniel Yona, yule tuliyemtaja, alikuwa Waziri wa Nishati na Madini. Novemba 2008 walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Kesi yao haikuhusu Kiwira. Ilihusu kampuni ya kigeni, Alex Stewart, iliyopewa kazi ya kukagua dhahabu yetu. Walishtakiwa kutumia vibaya madaraka na kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, kwa sababu kampuni ile ilisamehewa kodi.

Kesi ilichukua karibu miaka saba. Julai 2015 mahakama iliwatia hatiani, ikawahukumu kifungo cha miaka mitatu jela na faini. Walikata rufaa, na Mahakama Kuu ikapunguza kifungo kuwa miaka miwili. Mapema mwaka 2016 waliruhusiwa kumalizia adhabu nje ya jela kwa kufanya kazi za jamii. Walipangiwa kufanya usafi katika hospitali ya Sinza, Dar es Salaam. Mtu aliyekuwa akishika hazina ya nchi akashika ufagio.

Mshtakiwa wa tatu katika kesi hiyo, Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha, mahakama ilimwachia huru. Hilo nalo ni la kukumbuka. Mahakama haifuati kelele za watu. Inataka ushahidi usioacha shaka, kwa kila mshtakiwa peke yake. Ndiyo maana inachelewa, na ndiyo maana hukumu yake ina uzito kuliko maneno ya kilabuni.

Na si Tanzania tu. Mwaka 2023 nchini Uganda, waziri aliyehusika na eneo la Karamoja, Mary Goretti Kitutu, alifikishwa mahakamani akituhumiwa kwamba mabati yaliyokusudiwa watu maskini wa Karamoja yalikwenda kwingine. Alikana. Kenya nayo, katika Katiba yake ya mwaka 2010, iliweka sura nzima, Sura ya Sita, inayohusu uongozi na uadilifu.

SISI WA KIJIJINI TUFANYE NINI?

Hapa ndipo elimu yetu ya kusoma na kuandika inapofanya kazi. Mtu asiyejua kuandika hulalamika barazani, upepo ukachukua maneno. Anayejua kuandika anaweza kufanya yafuatayo.

Kwanza, amwulize mbunge wake. Mbunge anaporudi jimboni na kuitisha mkutano, msimwimbie nyimbo tu. Mwulizeni: "Umemwuliza waziri nini kuhusu chai yetu? Alijibu nini?" Majibu ya bungeni huandikwa katika kitabu cha taarifa za Bunge kiitwacho Hansard. Hayapotei.

Pili, kama jambo ni la maadili, aandike barua kwa Sekretarieti ya Maadili. Si lazima kusafiri hadi Dodoma. Sekretarieti ina ofisi ya kanda Mbeya mjini, kiasi cha kilometa 70 tu kutoka Tukuyu. Tena sheria hii si ya mawaziri peke yao. Wabunge wamo, na madiwani wa halmashauri zetu za Rungwe na Busokelo wamo pia.

Tatu, kama ni rushwa, aende TAKUKURU. Simu yao ni 113, na hailipiwi.

Barua iandikwe namna gani? Fupi na wazi. Taja jina na cheo cha kiongozi. Taja alichofanya, wapi, tarehe gani. Sema wewe umejuaje: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Taja wengine walioona. Ambatisha karatasi kama ipo, kwa mfano risiti au nakala ya barua. Usitukane. Usiongeze chumvi. Baki na nakala yako, ukiandika juu yake tarehe uliyopeleka.

Tunasisitiza hilo la chumvi. Kumsingizia mtu ni dhambi, na pia kunaweza kukuletea kesi. Tena kunamsaidia mkosaji, kwa sababu jambo moja la uongo likionekana katika barua, yale tisa ya kweli hayataaminiwa.

Wengine watasema: "Milango hiyo mnayoitaja, mabawabu wake si watu wa serikali hiyo hiyo? Rais ndiye anayemteua waziri, tena ndiye anayemteua Kamishna wa Maadili." Ni kweli, na udhaifu huo umesemwa na wengi. Sheria peke yake haimkamati mtu. Lakini tutazame tena mifano yetu. Tokomeza walilalamika wafugaji na wanavijiji. Richmond waliuliza wabunge na magazeti. Kila mlango uliofunguka, kuna mtu aliyebisha hodi, tena hakuchoka upesi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dhamana: kitu cha mwingine ulichopewa ukitunze.
Kuwajibika: kubeba mzigo wa yaliyotokea chini yako.
Kutengua uteuzi: kumwachisha kazi uliyemteua.
Kamati teule: wabunge waliochaguliwa kuchunguza jambo moja.
Maslahi: faida ya mtu katika jambo.
Jinai: kosa lenye adhabu ya mahakama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mzee Mwinyi hakumtesa mtu. Je, ilikuwa haki ajiuzulu? Kila mmoja atoe sababu.
2. Miiko ya 1967 ilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Sheria ya 1995 inamtaka ataje mali yake tu. Ipi ingefaa zaidi kijijini kwenu, na kwa nini?
3. Kiongozi akijiuzulu kwa sababu ya fedha zilizopotea, je, fedha zimerudi? Nani aendelee kuzitafuta?
4. Chagueni jambo moja la kijiji chenu ambalo wizara fulani inahusika nalo. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mbunge. Mmoja aisome kwa sauti, wengine waondoe kila neno lisilo na ushahidi. Inayobaki, ipelekeni.